Mama Mmoja, Vilima Vyote

Kisu chenyewe ni wembe tu, nusu yake imefungwa kwenye kijiti kwa uzi wa gunia. Anayekishika ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mbele yake kuna beseni la maji lililojaa matawi ya chai marefu kama mkono wa mtu mzima. Anachomoa tawi, anakata ncha yake laini na kuitupa. Anakata na sehemu ya chini iliyokwisha kuwa mti, nayo anaitupa. Mali iko katikati. Hapo kila jani linakatwa pamoja na kipande chake cha shina, inchi moja na nusu hivi, mshazari juu na mshazari chini, na kile kichipukizi kilicholala kwapani mwa jani hakiguswi, maana kikikwaruzwa tu kazi imekwisha. Kipande kinachomekwa kwenye kifuko chembamba cha nailoni ambacho udongo wake umepinduliwa: ule wa juu ya shamba umewekwa chini, na ule mwekundu uliochimbwa shimoni, usio na mbolea hata chembe, umewekwa juu, kwa sababu mzizi wa chai huzaliwa vizuri penye uchachu. Vifuko hupangwa kitaluni mamia kwa mamia, vikafunikwa nailoni nyeupe juu ya pinde za fito, kingo zikazikwa, na juu ya yote kikawekwa kivuli.

Nilifundishwa kazi hii nikiwa mvulana, kwa jirani upande wa Nyamira, na nilipewa onyo moja: usipekue. Nailoni ikishafungwa haifunguliwi ila siku ya kumwagilia, wiki kadhaa baadaye. Nilipekua. Niling'oa kimoja nione kama kimeota mizizi, nikakuta uvimbe mweupe tu mwishoni mwa shina, kama chunjua. Mzee mwenye kitalu alikitazama kiganjani mwangu. "Hicho umekiua kwa kukiangalia," akasema. Kisha akaonyesha kitalu chote kwa kidevu. "Hawa wote mama yao ni mmoja. Umeona mmoja, umewaona wote."

Alichokuwa akinieleza mzee yule kina jina kubwa leo, jina linalowafanya watu wafikirie maabara na kondoo wa Uskoti. Lakini neno kloni halikuzaliwa maabarani. Mwaka 1903 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Herbert Webber, alikuwa akitafuta neno la kuita mimea inayozalishwa bila mbegu, kwa vitawi, vikonyo na machipukizi. Akaenda kwenye Kigiriki akakuta neno lenye maana ya kitawi. Mwaka huohuo ndugu wawili wa ukoo wa Caine walipanda Limuru michai iliyotoka India, ya kwanza kwa inavyoandikwa katika historia ya chai ya Kenya. Neno na mti wake viliingia duniani na nchini kwa mwaka mmoja, kila kimoja bila habari za mwenzake. Kwa hiyo mzee wa Nyamira juu ya ndoo yake analistahili neno hilo kuliko bwana yeyote wa koti jeupe.

Lakini kabla ya chai palikuwa na mgomba.

Mapokeo ya Abagusii, watu wa Kisii na Nyamira, yanasema kuwa wazee wao, katika safari ndefu kutoka upande wa Mlima Elgon kupitia Kisumu na uwanda wa Kano, walifika mahali karibu na Kericho ya leo wakajaribu kukaa. Baridi ilikuwa kali. Wimbi haukuiva, ng'ombe wakafa, watoto wakafa. Mambo yakakataa, nao wakapaita Kabianga, kwa maana hiyohiyo ya kukataa. Mwanahistoria William Ochieng' aliyakusanya mapokeo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu historia ya Wagusii. Jina lipo hadi leo, lakini mahali pale pamebadilika: Kabianga imezungukwa na chai, na ni mwendo mfupi tu kutoka hapo hadi kwenye mashamba ya utafiti yaliyotoa kloni ambazo leo zimevifunika vilima vya wajukuu wa wale waliokataliwa. Ardhi iliyoukataa wimbi ilikuwa ikiungoja mti mwingine.

Walipohamia nyanda zao za sasa na kushika vilima vya Manga, Kitutu, Nyaribari na Bonchari, chakula kiliendelea kuwa wimbi, na ugali wake ulikuwa ndio mlo wenye heshima. Ndizi, amatoke, ilikuwa mboga ya akiba nyuma ya nyumba. Mtu hapandi mbegu ya ndizi ya kupika, kwa sababu haina. Ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na hesabu hiyo haigawanyiki sawasawa, kwa hiyo mbegu haifungi. Njia pekee ni kung'oa chipukizi shinani mwa mama na kulipeleka kwingine. Bibi harusi akifika kwao upya, anaomba chipukizi kwa jirani, na chipukizi la mgomba haliuzwi, huombwa. Kwa njia hiyo ya kuombana, mti mmoja ulisafiri kutoka boma hadi boma kwa karne nyingi.

Mti mmoja, na si kwa kutia chumvi. Mwaka 2016 mwanasayansi Mercy Kitavi na wenzake walichapisha utafiti wa vinasaba vya ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki, zile ambazo Waganda wanaziita matoke na Wahaya wamejengea utamaduni mzima. Wakulima wana majina kwa makumi: hii ya pombe, ile laini, hii ya mkungu mzito, ile isiyobomoka ikipikwa. Vinasaba havikutofautisha. Vilionyesha kuwa jamii nzima ya ndizi hizo imetokana na mmea mmoja wa kale uliozalishwa kwa machipukizi, na tofauti zote ambazo wakulima wamezipa majina ni mabadiliko madogomadogo yaliyojitokeza njiani. Maana yake, tangu Bukoba na Kampala hadi ng'ambo hii ya ziwa, mamilioni ya watu wamekuwa wakila mti mmoja. Hakuna maabara duniani iliyowahi kukloni kwa kiasi hicho. Waliofanya hivyo ni akina mama, kwa jembe.

Walijua pia gharama yake, ingawa waliieleza kwa namna yao. Chipukizi halisafiri peke yake. Hubeba fukusi kwenye kitako chake na minyoo ndani ya mizizi, na likitoka kwenye shina lenye ugonjwa hupeleka ugonjwa uleule kwa mwombaji. Ndizi mbivu ya Gros Michel, iliyokuwa ikiliwa Ulaya na Marekani hadi miaka ya 1950, iliangushwa na mnyauko wa Panama kwa sababu mashamba yote yalikuwa ya mti mmoja: kuvu aliyempata mmoja alikuwa na ufunguo wa nyumba zote. Wafanyabiashara wakahamia Cavendish, nayo ni mti mmoja vilevile, na aina mpya ya kuvu huyo inayoishambulia ilithibitishwa Msumbiji mwaka 2013. Anayenunua ndizi pale Keumbu au Nyakoe, zilipopangwa kando ya barabara kwa mikungu mizima, hana haja ya kujua hayo. Mkulima anayo haja.

Turudi kwenye chai, maana hapo ndipo Gusii ilipoanza kuchaguliwa mama na watu wengine.

Serikali ya kikoloni haikutaka Mwafrika alime chai. Hoja iliyotolewa ilikuwa ubora, lakini ubora ule ulilinda pia kazi ya bei rahisi katika mashamba makubwa ya Kericho, ambako vijana wa Kisii walikwenda kuchuma kwa kibarua. Mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliofungua mlango, na kufikia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 chai ilikuwa imeanza kuingia katika mashamba madogo ya Kisii yenyewe, iliyokuwa bado haijakatwa kuwa Kisii na Nyamira. Mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya mazao maalumu, na mwaka 1964 ikageuzwa kuwa Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya, KTDA. Miche ya kwanza ilikuwa ya mbegu. Ilikaa vitaluni miaka miwili au mitatu, ikakatwa shina kikabaki kisiki, na kisiki hicho ndicho mkulima alichopewa, mara nyingi kwa mkopo uliokatwa baadaye kwenye majani yake.

Mbegu ya chai ni mtoto wa baba na mama. Mchai haukubali chavua yake mwenyewe. Lazima iletwe na mdudu kutoka mti mwingine. Kwa hiyo shamba la mbegu ni kama boma lenye watoto wengi: mmoja mrefu, mmoja mvivu, mmoja ana majani mapana ya rangi ya ndizi mbichi, mwingine madogo na meusi. Mmoja unachipua mapema mvua ikigusa tu, wa pili yake bado umelala. Mchumaji anapata taabu, kiwanda kinapata majani ya kila namna, na asilimia fulani ya miti haifai kabisa ila imekwisha kukalia ardhi.

Watafiti wa Kericho, ambao taasisi yao ilianza mwaka 1951 kuhudumia Afrika Mashariki nzima, waliingia katika mashamba hayo ya mbegu kama washenga wanaotafuta mchumba. Walitembea mstari kwa mstari wakiuangalia mti mmoja mmoja: unatoa kiasi gani, unastahimili jua, chai yake ikionjwa ina ukali na rangi? Katika maelfu wakachagua wachache, na katika wachache hao, baada ya miaka ya kupima, wakabaki na wawili watatu. Mti uliofaulu ulipewa namba badala ya jina. Hivyo ndivyo tulivyopata 6/8 na 31/8, namba ambazo katika vijiji vya Kebirigo, Tombe na Sanganyi zinatamkwa bila maelezo zaidi, kama vile mtu anavyotaja namba ya matatu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 visiki vya mbegu vilikuwa vinaacha njia, na kazi ya wembe na kifuko imeingia. Mkulima aliweza kuzalisha miche yake nyuma ya jikoni, kwa bei ya nailoni.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo swali la maadili linapolala, na watu wengi hulipita wakikimbilia kondoo. Mchai uliopandwa utaishi zaidi ya aliyeupanda. Ukichagua kloni, umemchagulia mwanao na mjukuu. Na katika Gusii, ambako shamba hugawanywa kwa wana hadi likabaki robo ekari na pengine chini ya hapo, hakuna kona ya kufanyia jaribio. Sasa 6/8 ilisifiwa kwa chai yake nzuri kikombeni. Nyingine zilisifiwa kwa uzito. S15/10, iliyotoka kwenye mashamba ya kampuni huko Kericho, ilifikia karibu kilo 11,000 za chai kavu kwa hekta moja kwa mwaka, kiasi kinachotajwa kuwa rekodi ya dunia. Lakini kwenye kituo cha kununulia majani kuna mizani, hakuna kikombe. Kilo ya 6/8 na kilo ya jani lolote lingine hulipwa mwezini kwa bei ileile. Ubora unarudi baadaye, ukiwa umechanganywa, katika bonasi ya mwaka, na bonasi hiyo inategemea bei ambayo kiwanda kizima kimepata kwenye mnada wa Mombasa. Mwenye majani mazuri na mwenye majani mazito wanagawana jina moja.

Kwa hiyo mkulima alifuata uzito, kama ambavyo ungefuata wewe. Na kila bonasi inapotangazwa, wakulima wa Kisii na Nyamira hutazama malipo ya wenzao wa upande wa Mlima Kenya na kuuliza kwa nini wao ni wa chini. Wataalamu hutaja mwinuko, mvua, namna ya kuchuma, kiwanda, na kloni pia. Naona majibu hayo yote ni kweli kwa sehemu. Linaloniudhi ni kwamba lawama ya kloni humwangukia mkulima aliyepewa mizani iliyomfundisha kuichagua.

Kabla vilima vyetu havijajaa watoto wa mama wawili watatu, Uingereza kijana John Gurdon alikuwa akihangaika na chura. Alitoa kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakiweka ndani ya yai lililoondolewa kiini chake, na baadhi ya mayai hayo yakakua. Matokeo yake ya mwaka 1962 yalikuja kumpa Tuzo ya Nobel nusu karne baadaye, mwaka 2012. Chura aliyemtumia ni Xenopus, mwenye kucha miguuni, mzaliwa wa Afrika, ambaye jamaa zake wa karibu wamo katika madimbwi ya Kenya. Watoto wa Kisii walikuwa wakimtupia mawe chura ambaye kwingine aliandika historia.

Kwa nini chai ilikubali wembe wa mtoto wa miaka kumi na mitatu, na mnyama akadai darubini? Seli ya mmea haisahau. Kichipukizi kilicho kwapani mwa jani kinabeba maagizo yote ya mti mzima, na hata uvimbe ule mweupe nilioung'oa kwa utundu ulikuwa seli za shina zilizoamua kuanza upya na kuwa mizizi. Seli ya mnyama nayo inabeba maagizo yote, ila imekwisha ajiriwa. Ikiwa ya ngozi, ni ya ngozi hadi kufa. Kuirudisha mwanzoni ili izae mnyama mzima, kiini chake hutiwa ndani ya yai, na yai ndilo linalokisahaulisha kazi yake ya zamani, mara chache kwa ukamilifu, mara nyingi kwa makosa.

Ndiyo maana Dolly alishtua dunia. Alizaliwa tarehe 5 Julai 1996 katika Taasisi ya Roslin karibu na Edinburgh, kutokana na seli ya kiwele cha kondoo mzima, kazi iliyoongozwa na Ian Wilmut na Keith Campbell. Majaribio yalikuwa 277, na mwana akawa mmoja. Habari zilipotangazwa Februari 1997 zilitufikia kwa redio, na nakumbuka mjadala wa njiani tukitoka kanisani. Walikuwapo waliosema ni dhambi na wengine wakasema ni uongo wa wazungu. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote aliuliza: "Na huyo kondoo ni wa nyumba gani?"

Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la kisheria kabisa. Dolly alikuwa na mama watatu: aliyetoa seli, aliyetoa yai, na aliyembeba mimba. Kwa mila ya Gusii hilo halikuwa fumbo jipya. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwingine, na watoto wakawa wa nyumba yake, wakarithi ardhi yake, hata kama damu ilitoka kwingine. Mama na baba walijulikana kwa mahari, kwa nani aliyetoa ng'ombe na kusimama mbele ya watu akasema huyu ni wangu. Kwa kipimo hicho mwana wa kloni hawezi kukosa kwao, mradi yupo aliyemkubali. Nadhani wazee wetu wangelijibu swali la ukoo haraka kuliko maprofesa wa Ulaya.

Lakini mahari haijibu zile 276. Kwa kondoo, zilizoshindwa zilikuwa mayai, viinitete visivyoshika, na kazi iliyopotea. Kwa binadamu zingekuwa wanawake wa kutolewa mayai na kubeba mimba zisizofika, na watoto ambao hakuna anayejua watazaliwa na nini. Hiyo ndiyo sababu ya kukataa kukloni binadamu ninayoiona nzito. Tarehe 8 Machi 2005 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuzitaka nchi zipige marufuku kukloni binadamu, kwa kura 84 dhidi ya 34, nchi 37 zikijizuia. Azimio halifungi mtu. Dolly mwenyewe alikufa Februari 2003, akiwa na miaka sita, baada ya kuugua mapafu.

Mwaka uleule wa Dolly kutangazwa, kazi nyingine ya chupa ilikuwa imeanza nchini bila kelele. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kenya, KARI, ikishirikiana na shirika la ISAAA ambalo mwanasayansi Florence Wambugu aliliongoza katika kanda hii, ilianza kuwapa wakulima wadogo migomba ya tishu. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta nacho kilikuwa na maabara yake Juja. Kazi yenyewe ni ndugu wa ile ya wembe. Wanachukua chipukizi safi, wanalimenya hadi kibaki kipande cheupe cha moyo wake, wanakiosha kwa dawa, wanakiweka ndani ya chupa yenye chakula cha ute na vichocheo, na kipande kinazaa vipande, na hivyo vinazaa vingine. Fukusi hana pa kujificha humo, wala minyoo. Mche unafika kwa mkulima ukiwa msafi kama mtoto aliyeogeshwa.

Usafi huo una masharti. Mche wa tishu unataka shimo kubwa, samadi, na maji katika miezi ya mwanzo. Ukitupwa shambani kama chipukizi la kuomba, unadhoofika, na fukusi wa shamba la jirani hawachelewi. Zaidi ya hapo, huuombi. Unaununua. Ndizi iliyokuwa mali ya mwanamke, ya nyuma ya nyumba, isiyoandikwa popote, iliingia kwenye hesabu, na inapoingia kwenye hesabu mwanamume huanza kuiona. Chai ilikuwa hivyo tangu mwanzo: akaunti ya majani mara nyingi ni ya mwenye jina la shamba, na mchumaji ni mwingine. Sijui kama ni haki kuilaumu chupa kwa jambo hilo, lakini nimeliona kwa macho yangu katika maboma zaidi ya moja.

Migomba ya tishu ikaja pia kudhaniwa kitu kingine. Kenya ilipozuia vyakula vilivyobadilishwa jeni mnamo Novemba 2012, sokoni walikuwapo waliozitazama ndizi nene za tishu kwa shaka, wakidhani ndizo zinazozungumziwa. Sizo. Mgomba wa tishu haujaongezwa jeni wala kupunguzwa. Ni mama yuleyule katika shati jipya. Hata ndizi za marehemu bibi zilikuwa kloni. Lililo kweli ni kwamba milango hii miwili, wa kloni na wa jeni, inaweza kufunguka ndani ya nyumba moja, na hilo lilionekana Nairobi miezi michache tu kabla ya marufuku hiyo.

Agosti 2012, katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, kulizaliwa ndama dume wa Boran akaitwa Tumaini. Alikuwa kloni, amefanywa kwa seli zilizokuzwa maabarani, kwa ushirikiano na Roslin, nyumbani kwa Dolly. Yeye mwenyewe hakuongezwa kitu. Alikuwa hatua ya kuonyesha kwamba inawezekana, ili siku moja ng'ombe wa aina yake apewe jeni ya nyani, mnyama ambaye damu yake hushinda vimelea vya nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o. Mtu wa Kisii haulizi nagana ni nini. Bonde la Lambwe, lenye mbung'o, liko chini yetu kuelekea ziwani, na ng'ombe aliyeshuka huko wakati wa ukame anaweza kurudi mbavu tupu. Kwa watu ambao mahari yao ni ng'ombe, ndama kama huyo ana uzito usiokuwamo katika kondoo wa Uskoti. Ila swali langu la chai linarudi: kama atafanikiwa, dume huyo atakuwa wa nani, na ng'ombe wafupi wa kienyeji waliochujwa na magonjwa yetu kwa karne nyingi watapata wapi nafasi ya kuzaa?

Nimeuliza kwa sababu tumekwisha ona kwa mkaratusi. Kloni za mkaratusi zililetwa kutoka Afrika Kusini kwa mradi ulioanza mwaka 1997, zinakua kwa kasi, zinanyooka, na viwanda vya chai vinahitaji kuni. Zikapandwa hadi kwenye chemchemi, mpaka mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, akaamuru zikatwe kando ya mito. Kila mkulima alikuwa amefanya hesabu sahihi ya shamba lake. Mto haukuwa shamba la mtu.

Na mwaka 2011 ikatoka kloni nyingine ya Kericho, TRFK 306, chai ya zambarau, iliyotafutwa kwa zaidi ya miongo miwili. Majani yake yana rangi ileile ya afya inayosifiwa kwenye matunda ya zambarau. Walioipanda waliambiwa bei ingekuwa nzuri. Wengi wakagundua kuwa kiwanda cha karibu hakina mtambo wa kuisindika peke yake, na jani la zambarau likaingia gunia moja na la kijani, kwa bei ya kijani. Namfahamu mmoja aliyeiacha ikawa ua wa boma. Inapendeza jioni, jua likiwa chini.

Nyanya yangu aliacha mistari minne ya majani ya mbegu upande wa mto. Ilipandwa wakati wa visiki, na haikung'olewa kwa sababu alikataa, akisema mkopo wake aliumaliza kwa mikono yake. Miti ile hailingani kabisa. Mmoja alikuwa akiuita kwa jina la mke mwenzake, kwa kuwa unachipua wenyewe kwanza na kujaa njiani. Baba mdogo alitaka kuing'oa yote baada ya mazishi, na vifuko vya 31/8 alikwisha vipanga kitaluni. Ikaja Januari bila tone la mvua, na Februari ikafuata hivyohivyo. Shamba la kloni juu ya kilima likageuka rangi ya kahawia lote kwa wiki moja, kama lililopewa amri. Katika mistari ya nyanya mingine ilikauka vibaya zaidi, mingine ikanyauka nusu, na ule wa mke mwenza ukawa unachumwa.

Baba mdogo hakusema kitu. Lakini tangu Mei mti huo haujachumwa. Miti yote inayouzunguka imepunguzwa sawa na kiuno, nao umeachwa peke yake urefuke, matawi yanapita kichwa cha mtoto, na chini yake, juu ya jiwe, ameweka beseni na wembe uliofungwa kwenye kijiti.